Siku Niliyomponya Lazaro

Ujumbe ulinikuta nachambua mchele. Uliandikwa na kijana mmoja aliyekuwa jirani yetu Kimandolu, Arusha: "Ndeshi, Lazaro amefariki. Safari hii kweli." Chini yake kulikuwa na picha ya mzee wa Kizungu mwenye nywele nyeupe na mikunjo miwili mirefu mashavuni, amevaa koti la daktari. Nikaweka ungo chini. Mama aliyekuwa anakuna nazi akauliza nani amekufa, nikamwambia ni mtu wa muvi, akasema "Ah," akaendelea kukuna. Simlaumu. Jina halisi la yule mzee, lile la Kimarekani lililoandikwa kwenye mabango ya filamu zake, sitaliandika hapa, kwa sababu Kimandolu hakuna aliyelitumia. Sisi tulimwita Lazaro. Katika muvi yake ya kwanza kuonyeshwa kwetu alipigwa risasi mara tatu, na mara zote tatu aliinuka, akajifuta vumbi, akaendelea na kazi. Aliyempa jina hilo ni baba mdogo wangu Elisante. Baba mdogo ndiye aliyekuwa sauti yake.

Nina miaka kumi na tisa, na najua watu watacheka kwamba mtu wa umri wangu anaandika kumbukumbu. Wacheke. Mwaka ule nilikuwa na kumi na sita, kidato cha tatu, na tangu hapo sijauona mwaka mwingine mrefu kama ule. Nilikuwa nakaa kwa baba mdogo na si kwa wazazi wangu. Sababu zake ni nyingi na hazihusiani na habari hii, naziruka. Ninachotaka kukumbuka ni chumba cha nyuma. Zamani kilikuwa stoo ya mahindi, na ukiingia bado ulisikia harufu ya magunia. Baba mdogo alikuwa amebandika trei za mayai ukutani kuanzia chini mpaka kwenye dari, na mlangoni akatundika blanketi zito la kijivu, ili kelele za nje zisiingie kwenye maiki. Zote zilizuilika isipokuwa jogoo wa jirani. Ukipata leo flashi yenye muvi za baba mdogo, sikiliza vizuri: jaji wa Marekani anasoma hukumu, mahakama nzima imenyamaza, halafu jogoo anawika.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Watu wa kazi hiyo hujiita madijei ingawa hawapigi muziki wowote. Unaiweka muvi ya Kiingereza kwenye kompyuta, unavaa hedifoni, unashika maiki, unawasemea wote: steringi, adui, mke wa steringi, mtoto, mpaka mbwa. Hutafsiri neno kwa neno, watu watalala. Unawaeleza, unawatania, unawaletea habari karibu. Mkuu wa polisi wa kule akiita vijana wake, baba mdogo alisema, "Wote Kituo cha Kati, haraka!" Mwizi akitoroka na gari, alikuwa anakimbilia Ngaramtoni. Siku za kawaida alirekodi chumbani, lakini Jumamosi alasiri alitafsiri mubashara kwenye banda la video, amesimama pembeni ya skrini na maiki mkononi, na watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ndoo walizogeuza.

Siri yake ilikuwa moja, nami naisema sasa kwa kuwa haimdhuru tena. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Kabla sijaja alikuwa anasoma nyuso. Mtu akikunja uso, alimtungia hasira; akilia, alisema amefiwa na mama. Kuna muvi moja mwanamke alimwambia mumewe kwamba ana mimba, baba mdogo akasema anataka wahame nyumba. Dakika kumi baadaye mtoto akazaliwa na banda zima likaguna. Baba mdogo hakubabaika. "Ndugu watazamaji," akasema, "Wazungu hawa mambo yao ni haraka haraka." Nilipokuja mimi, mtoto wa shule asiyependa kusema na watu, alinikuta siku moja natazama muvi bila yeye huku nacheka mahali panapochekesha kweli. Hakuuliza kitu. Kesho yake akaninunulia kaunta buku, ile kubwa ya kurasa nyingi, akasema, "Mwanangu, wewe andika wanachosema. Mimi nitajua cha kuwaambia watu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Darasani mwalimu wa Kiingereza alidhani nina kigugumizi, kwa jinsi nilivyokuwa nikiulizwa swali nasimama tu natazama dawati. Lakini chumbani, na hedifoni masikioni, niliwaandikia Wamarekani maneno yote. Nikirudi shuleni nilikuta bakuli la loshoro limefunikwa na sahani juu ya mashine ya kurekodia, yale mahindi yenye maziwa ya mgando aliyopenda mama mdogo, mke wa baba mdogo, kupika, nikawa nakula kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Baba mdogo alikuja, akasoma nilichoandika huku midomo ikicheza, akaniuliza maswali. Huyu anamchukia au anamwogopa? Hapa anatania? Nilimjibu. Kwake niliweza kuongea. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa hanitazami, alikuwa anaitazama skrini.

Lazaro tulimpenda kuliko wengine wote, na baba mdogo alitaka kumjua nje ya muvi pia. Akanituma nitafute maisha yake kwenye simu, niyaandike nyuma ya kaunta buku. Kila Jumamosi kabla ya kuwasha muvi alisimulia kipande kimoja, na wapo waliokuja kwa ajili ya kipande hicho tu. Kwamba Lazaro alizaliwa mji mdogo wenye kiwanda kimoja, akapaka rangi nyumba za watu. Kwamba kazi yake ya kwanza kwenye televisheni ilikuwa maiti: alilala mezani amefunikwa shuka, hakusema neno, na alilipuliza shuka kidogo kwa pumzi, wakarudia kupiga picha. Kwamba alikaa miaka mitano akitangaza dawa ya meno. Siku ya mazishi ya mama yake alikuwa mbele ya kamera anatabasamu kuonyesha meno yake, kwa kuwa aliogopa akiomba ruhusa watampa mwingine kazi. Halafu akapata sizoni ya upelelezi, akawa mtu mkubwa, akawa anaonekana kila nyumba. Halafu pombe. Halafu miaka ambayo hakuna aliyempigia simu. Na mwisho, nywele zimeshakuwa nyeupe, akarudi kama daktari mzee wa hospitali ya kijijini, kwenye sizoni ambayo kila mtu alisema ndiyo kazi yake bora. Baba mdogo alipofika kwenye habari ya mazishi ya mama, alishusha maiki kidogo. "Mnaona?" akasema. "Mtu anaweza kucheka na meno yote nje, na mama yake anafukiwa."

Aliyekaa mbele daima alikuwa Mzee Lomayani, Mwarusha aliyestaafu kazi ya ulinzi, ambaye aliongea na skrini kana kwamba wale watu wanamsikia. "Yero, geuka nyuma, yuko nyuma yako!" Vijana walimtania: "Mzee, hakusikii huyo, yuko Marekani." Naye alijibu, "Nyamazeni, Elisante atamwambia." Mwezi wa pili mke wake alifariki. Wiki mbili baada ya mazishi akarudi bandani, akakaa pale pale mbele, na fimbo kati ya magoti. Bahati mbaya muvi ya siku hiyo ilikuwa ile ambayo mke wa Lazaro anakufa. Nilikuwa nimeandika kila kitu, na baba mdogo alikuwa na kaunta buku mkononi. Nilimwona anafika kwenye ukurasa, anamtazama Mzee Lomayani, anafunga daftari. "Mama huyu," akasema kwenye maiki, "madaktari wamemwona. Anapelekwa India kwa matibabu." Kwenye skrini likatokea jeneza. "Na huyu anayezikwa," baba mdogo akaendelea bila kusita, "ni jirani yao wa nyumba ya tatu, mtu wa watu sana." Banda zima lilikuwa na macho. Vijana wale watukutu, wenye mdomo kuliko wote, walitazama miguu yao, hakuna aliyecheka. Mzee Lomayani akatikisa kichwa, akasema, "India wanaweza. India wana mashine." Wakati tunarudi nyumbani nilimuuliza baba mdogo kwa nini amefanya vile. Akasema, "Mtazamaji anachukua kile anachoweza kubeba siku hiyo. Mtafsiri mzuri anampimia." Nililiandika jambo hilo kwenye shajara yangu nikalipigia mstari. Nilidhani nimejifunza kazi.

Mwezi wa tatu sauti yake ilianza kukwaruza. Alisema ni vumbi. Akanywa tangawizi na asali, akapunguza sigara kwa siku nne. Lazaro akawa anasema kama mtu aliyemeza mchanga, na watazamaji wakaipenda, wakasema Lazaro amezeeka vizuri. Mwezi wa tano akaanza kusita katikati ya sentensi, akashika koo, akanyoosha mkono kunionyesha nisimamishe mashine. Ilikuwa baridi ile ya Arusha ya kuelekea katikati ya mwaka, mlima umejifunika siku nzima, na mama mdogo alituwekea jiko la mkaa sebuleni. Hapo ndipo niliposikia mazungumzo ambayo hayakuwa yangu. Nilikuwa chumbani nyuma ya blanketi, wao wakadhani nimevaa hedifoni.

"Nenda ukamwone mwanao," alisema mama mdogo. "Mimi sijakukataza hata siku moja."

"Nani amesema umenikataza?"

"Basi nenda. Olmotonyi ni hapo tu. Si safari ya ndege."

"Nitakwenda na sauti hii ya bata? Yule mtoto ananijua kwa sauti. Nipone kwanza, nimalize na hii sizoni ya Lazaro, niende nikiwa mtu."

"Elisante, unaahirisha tangu nimekujua."

"Nipone kwanza, mama."

Hivyo nikajua kwamba ana binti, aliyemzaa kabla ya ndoa, anayeishi na mama yake Olmotonyi karibu na chuo cha misitu. Nitamwita Rehema, si jina lake. Alikuwa amenizidi miaka miwili. Baba mdogo alikuwa hajaonana naye tangu akiwa darasa la pili, kwa ugomvi wa watu wazima ambao sikuusikia wote, na aibu ilivyozidi kukaa ndivyo ilivyozidi kuwa kubwa. Baada ya siku ile nilianza kumwona tofauti. Akimaliza kurekodi alikuwa anashika simu, anaitazama, anaiweka kifudifudi mezani.

Mwezi wa saba walimlaza. Walimtoboa tundu shingoni apate kupumua, na sauti ile ambayo nusu ya Kimandolu waliijua kuliko ya mchungaji ikaisha siku moja, asubuhi. Hospitali siitaji, walifanya walichoweza, ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali. Hilo tuliambiwa sisi. Yeye hakuambiwa. Sisemi kwamba kuna mtu alikaa akapanga afichwe, ila ndivyo tunavyofanya kwetu: mgonjwa hapewi habari mbaya, anapewa uji na matumaini. Daktari aliwaita nje mama mdogo na baba yangu, akawaeleza kwenye benchi la korido, nami nikiwa pembeni nimeshika chupa ya chai. Waliporudi ndani mama mdogo alikuwa ameshapangusa macho na amevaa uso wa kanisani. "Maendeleo ni mazuri," akasema. Baba yangu akasema, "Wiki mbili tatu utakuwa nyumbani, bwana." Watu wa jumuiya wakaja, wakaimba, mwinjilisti akamwambia anaona kabisa rangi imerudi. Baba mdogo aliwatazama mmoja mmoja kwa yale macho yake ya kusoma nyuso.

Mimi alinipa kazi. Kwa kuwa hakuwa na sauti alikuwa anaandika kwenye kaunta buku, ile ile. Aliandika: "Epsodi ya mwisho imetoka?" Nikamwambia imetoka. Akaandika: "Watu wanaingoja. Itafsiri yote, uniletee Jumamosi. Nataka kujua Lazaro anaishaje." Alipigia mstari neno *yote*.

Niliitazama peke yangu, chumbani, mchana, jogoo akiwika kama kawaida. Daktari mzee anaugua. Amelala kwenye kitanda cha hospitali yake mwenyewe, na nesi aliyefanya naye kazi miaka yote anabadilisha shuka. Anamuuliza, kwa sauti ya kawaida tu kama anayeuliza saa, "Ninakufa?" Nesi anaendelea kukunja shuka, halafu anasema, "Ndiyo, daktari." Na yule mzee anashusha pumzi, ile sura yake yenye mikunjo miwili inalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Asante," anasema. "Basi mpigie simu mwanangu. Nina maneno naye." Mwana anakuja na mvua, hajavua hata koti, na wanaongea. Wanaongea karibu epsodi nzima. Wanagombana, wanacheka, kijana analala kwenye kiti. Asubuhi daktari amekufa. Kisha jeneza, na watu wa kijiji wote.

Nilizima nikalia mpaka mama mdogo akaja kugonga. Nilimwambia ni mafua. Nilijua nimetazama nini, sikuwa mtoto. Nilijua pia kwamba nikimpelekea yale maneno, "Ndiyo, daktari," itakuwa ni mimi ndiye niliyemwambia, mimi ambaye sikuweza kusoma aya moja mbele ya darasa. Nikakumbuka Mzee Lomayani na India. Nikaandika kwa siku tatu. Niliandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika. Kwenye tafsiri yangu daktari anauliza, "Nitapona?" na nesi anajibu, "Ndiyo, daktari, ila upumzike." Kijana anakuja na mvua kumsalimia, wanazungumzia mashamba. Asubuhi kitanda ni kitupu kwa sababu daktari ameruhusiwa, yuko nyumbani, anakunywa chai. Jeneza ni la mgonjwa mwingine.

Jumamosi, saa ya kuona wagonjwa, nilimsalimu. "Shikamoo baba mdogo." Akainua mkono, hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake. Nikampa daftari. Alisoma taratibu, kidole kikitembea chini ya mistari, na mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikatazama slipa zake chini ya kitanda, zimepangwa pamoja vizuri. Alipomaliza alirudi nyuma kurasa mbili akasoma tena pale kwa nesi. Akachukua kalamu.

"Anapona?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na jeneza?"

"La mgonjwa mwingine. Wa wodi ya pili."

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukuwa na skrini, alinitazama mimi. Kisha mabega yakaanza kutikisika na hewa ikapiga mluzi mdogo kwenye lile tundu la shingoni, nikaelewa kwamba anacheka. Akaandika sentensi moja, akanigeuzia daftari nisome. "Sasa wewe ni mtafsiri." Halafu akafunga, akanipigapiga kiganja, na akaniuliza kwa mkono, vidole vikienda mdomoni, kama nimekula.

Nilirudi nyumbani nina furaha. Naandika hivi kwa aibu, lakini shajara ya siku ile ninayo na siwezi kuibadilisha: "Leo baba mdogo amefurahi sana. Amenisifu." Nilitoka pale nikiruka madimbwi.

Alifariki Jumatano, siku kumi na moja baada ya Jumamosi ile. Katika siku zile zote alikuwa na kalamu na daftari, na hakuandika jina la Rehema hata mara moja. Tulimzika kwao Nkoaranga, juu, kwenye migomba, mahali ambapo njia ni ya mteremko mkali na waliobeba jeneza walikuwa wanapokezana wanatweta. Mzee Lomayani alipanda kwa fimbo yake mpaka juu. Rehema alikuja na mama yake, wakasimama nyuma kabisa karibu na mibuni. Nilimjua kabla ya kuambiwa, kwa macho. Watu walipoanza kuteremka akaja kwangu, labda kwa kuwa nilikuwa msichana wa rika lake.

"Wewe ndiye Ndeshi? Uliyekuwa unamwandikia?"

"Ndiyo. Pole."

"Alisema chochote juu yangu?"

Nilitazama viatu vyangu, vimejaa udongo mwekundu. "Hakuwa na sauti," nikamjibu. "Walimtoboa hapa." Akatikisa kichwa kana kwamba hilo ni jibu, akaniacha.

Jioni ile tuliosha masufuria na mama mdogo, tumeinama kwenye beseni moja, kukiwa bado kweupe. Alikuwa anaongea kama watu wanavyoongea baada ya msiba, bila kuchagua. "Alinisumbua yule mtu," akasema. "Kila siku kwenye daftari, madaktari wanasemaje, madaktari wanasemaje. Nikamwambia maendeleo mazuri. Akamuuliza baba yako. Akamuuliza mwinjilisti. Mwisho akachoka, akaniandikia, 'Basi. Nitamuuliza Ndeshi. Yule hana maneno mengi, hatanidanganya.'" Akacheka kidogo, akapangusa pua kwa pindo la kanga. "Alikuuliza?"

"Hapana, mama mdogo," nikasema. "Alitaka habari za muvi tu."

Nimeshaandika mengi kuhusu usiku na siku zilizofuata katika shajara zangu na sitayarudia. Inatosha kusema kwamba nilielewa. Alikuwa ametafuta mtu mmoja tu katika sisi sote wa kumwambia "ndiyo," ili aseme "basi mwite mwanangu." Aliuliza kwa njia ya muvi kwa sababu ndiyo njia tuliyozoea kuongea sisi wawili, wote tukitazama mbele. Nami nikampimia. Kicheko kile hakikuwa furaha. Alisoma pale kwa nesi mara mbili, akaona mkono wake mwenyewe kwenye maneno yangu: jeneza la jirani, mgonjwa wa wodi ya pili. Alijua papo hapo. Na akiwa amejua, hakunilazimisha niseme. Aliniuliza kama nimekula.

Miaka mitatu imepita. Lazaro alipokufa, wa kweli, yule wa Marekani, Rehema naye alipata habari. Alinitafuta, akanipigia. "Dada, yule mzungu wa baba amekufa," alisema, na sauti ikamkatika kwenye neno *baba*. Tukakutana Kimandolu kwenye mgahawa mdogo wa chai, mahali penye meza nne na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Sasa anafanya kazi kwenye kitalu cha miti, kucha zake zina udongo usiotoka. Tukaagiza chai ya maziwa na maandazi, hakuna aliyekula. Akanieleza kwamba alikuwa na muvi zote za baba yake kwenye flashi, tangu akiwa msichana mdogo. Mama yake alikuwa hapendi, basi akawa anazisikiliza kwa hedifoni amejifunika, bila kutazama picha. "Nilikuwa sijui hata Lazaro ana sura gani," akasema. "Mimi nilidhani ni baba." Halafu akasema, "Nilingoja anipigie. Nilisikia anaumwa. Nikasema, akitaka ataniita, mimi siwezi kujipeleka kwa mtu asiyenitaka."

Hapo nikamwambia. Sikupanga. Nilimweleza epsodi ya mwisho kama ilivyo, nesi, shuka, simu kwa mwana, mvua. Kisha nikamweleza nilichokiandika mimi. Nilieleza kila kitu, isipokuwa kicheko na ile sentensi moja. Rehema alisikiliza huku anazungusha kikombe kwenye kisosi. Mhudumu akaja akauliza kama maandazi ni mabaya, tukamwambia ni mazuri.

"Alikuamini?" Rehema akauliza.

Katika miaka yote ile ya kujilaumu sikuwahi kuliona swali hilo likija kutoka kwake. Kama aliniamini, basi alidhani ana muda. Alikuwa anangoja apone aende Olmotonyi akiwa mtu, na aliyemfunga ni mimi. Kama hakuniamini, basi alijua anakufa, na siku kumi na moja alikuwa na kalamu mkononi, na hakuandika jina lake. Labda kwa aibu. Labda kwa sababu hakuna aliyemfungulia njia. Labda alidhani binti hamtaki. Sijui, wala sitajua. Lakini Rehema alikuwa ameacha kuzungusha kikombe, ananitazama kwa macho ya baba yake, yale ya kusoma nyuso, na nikajitahidi uso wangu usomeke vizuri.

"Aliniamini kabisa," nikasema. "Alifurahi. Aliandika kwamba akitoka tu anakwenda Olmotonyi."

Machozi yakamjaa, akayaacha yateremke bila kuyafuta, na kwa muda mfupi sana sura yake ikalegea, ikawa ya mtoto. Kisha ikakaza.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Angekuja. Ni wewe."

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuniaga. Nimempigia mara nne tangu siku ile na hapokei. Sitampigia tena.